Sufuria na Kilowati: Kuchagua Chombo cha Kupikia Togwa na Pombe kwa Umeme

Katika vijiji vya Usukuma, kama ilivyo katika sehemu nyingi za nchi yetu, kupika togwa na pombe ya nafaka ni kazi yenye ujuzi wake. Mpishi hodari hajui kipimajoto, lakini hujua wakati wa kutia unga, wakati wa kutia kimea na wakati wa kuchuja. Chombo chake ni sufuria kubwa, au pipa la lita 200 lililokuwa la mafuta. Moto wake ni wa kuni juu ya mafiga. Umeme ulipofika vijijini, swali jipya lilizuka: je, kazi hii yaweza kufanywa kwa umeme, na kama yawezekana, inunuliwe sufuria ya ukubwa gani?

Swali hilo laonekana dogo. Mimi mwenyewe nililidharau, na dharau yangu ilimgharimu mtu mwingine.

Kisa cha Mwamanyili

Mwamanyili ni kata ya Wilaya ya Busega, katika Mkoa wa Simiyu ulioanzishwa mwaka 2012, ambao makao yake makuu ni Bariadi. Huko anaishi shangazi yangu, mpishi wa togwa ya harusi na ya vikundi vya kilimo. Kwa fedha za togwa amesomesha watoto watatu. Mwaka 2021, nyumba yake ilipounganishiwa umeme, alinipigia simu kuniomba shauri. Mimi nafundisha fizikia katika chuo kikuu. Nilipokuwa Uingereza kwa masomo ya uzamivu, niliishi na mwanafunzi mwenzangu aliyekuwa akipika bia nyumbani kwa umeme, na kazi yake ilikwenda vizuri. Basi nilimjibu shangazi upesi, bila kushika hata kalamu: "Nunua sufuria kubwa, shangazi. Kubwa haina hasara. Hata kidogo utakipikia humo humo."

Alinunua sufuria ya alumini ya lita 100, pamoja na hita ya kutumbukiza ya kilowati 2. Siku ya kwanza ilikuwa ya harusi ya jirani. Alitia maji lita 90, akawasha hita saa nne asubuhi. Saa kumi jioni maji yalikuwa yakitoa mvuke tu, hayajachemka. Kwa kuwa muda ulikuwa umemwishia, akatia unga hivyo hivyo. Unga ukazama, ukaizunguka hita, ukaungua. Hita ikapasuka, na uji wote ukanuka moshi. Lita zote 90 walipewa ng'ombe. Nilipokwenda likizo, shangazi aliniwekea ile hita mezani, akaniuliza kwa upole: "Baba, moto uliousoma huko Ulaya ni moto gani huu usiochemsha maji?"

Makala haya ndiyo jibu langu kwake. Nayaandika hapa kwa sababu hesabu zake zote zimo katika masomo ya fizikia ya sekondari, na mwanafunzi ye yote aweza kuwafanyia watu wa kwao kabla fedha haijatoka mfukoni.

Ukuni huongezwa, soketi haiongezwi

Tuanze na moto wenyewe. Kilo moja ya kuni kavu ina nishati ya kilojuli 16,000 hivi. Katika mafiga matatu sehemu kubwa ya nishati hiyo hupotea hewani, na sehemu ndogo tu, tuseme moja ya nane, huingia chunguni. Mpishi anayechoma kilo 12 za kuni kwa saa moja hupeleka chunguni kilojuli 24,000, ambazo ni sawa na kilowati 6.7. Pipa likiwa zito zaidi, huongeza ukuni, na moto hukua.

Soketi haina tabia hiyo. Umeme wa majumbani hapa Tanzania ni wa volti 230, na plagi yetu ya miguu mitatu, ambayo asili yake ni Uingereza, imekusudiwa mkondo usiozidi ampia 13. Zidisha volti kwa ampia: 230 × 13 = wati 2,990. Kwa hiyo soketi ya kawaida haiwezi kutoa zaidi ya kilowati 3. Ukiilazimisha itoe zaidi, fyuzi itakatika. Na mtu akiweka waya mnene mahali pa fyuzi, nyaya za nyumba zitapata moto ukutani. Basi mpishi wa kuni huchagua chombo kwanza, kisha huukuza moto ulingane nacho. Mpishi wa umeme hana budi kwenda kinyume: aujue moto wake kwanza, kisha achague chombo kinacholingana nao. Hapo ndipo mimi nilipokosea.

Hesabu ya joto

Kizio cha nishati tunachokitumia, juli, kimepewa jina la mwanasayansi wa Uingereza James Prescott Joule, aliyezaliwa mwaka 1818 katika mji wa Salford. Inafaa kukumbuka kuwa baba yake alikuwa mwenye kiwanda cha pombe, na Joule mwenyewe alifanya kazi humo. Mtu aliyetufundisha kupima joto linalotolewa na mkondo wa umeme alikuwa mtu wa kazi ile ile ya shangazi yangu.

Kilo moja ya maji, yaani lita moja, huhitaji kilojuli 4.2 ili joto lake lipande kwa nyuzi moja ya Sentigredi. Maji yetu yataanzia nyuzi ngapi na kuishia ngapi? Tuseme maji ya mtungini ni nyuzi 26. Mwisho wake si nyuzi 100 kama tulivyozoea kuandika madaftarini. Uso wa Ziwa Viktoria uko kiasi cha mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, na kiwango cha kuchemka cha maji hupungua kwa nyuzi moja hivi kila tupandapo mita 300. Kwa hiyo huko Mwamanyili, karibu na ziwa, maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi. Tofauti ni nyuzi 70.

Kwa lita 20, joto linalohitajiwa ni 20 × 4.2 × 70 = kilojuli 5,880. Uniti moja ya umeme, ile tunayoinunua kwa LUKU, ni kilowati moja kwa saa moja, yaani kilojuli 3,600. Kilojuli 5,880 ni uniti 1.63. Lakini si joto lote linalobaki sufuriani: kuta hupoteza na mvuke hupoteza. Tukikadiria kuwa sufuria yenye kifuniko hupoteza sehemu moja katika tano, tutahitaji uniti 2. Kwa hita ya kilowati 3, matokeo ni haya:

Maji lita 20: uniti 2.0, dakika 41.
Maji lita 40: uniti 4.1, saa 1 na dakika 22.
Maji lita 100: uniti 10.2, saa 3 na dakika 24.
Maji lita 200: uniti 20.4, saa 6 na dakika 48.

Hizo mbili za mwisho ni za matumaini. Chombo kikubwa kisichofunikwa hupoteza joto kwa kasi inayozidi kukua kadiri maji yanavyokaribia kuchemka, kwa kuwa kila kilo ya maji inayogeuka mvuke huondoka na kilojuli 2,260. Hufika mahali ambapo hita hutia joto na uso wa maji huutoa mvuke kwa kasi ile ile. Hapo maji yatafuka hata usiku uingie, yasichemke.

Kutokana na hesabu hiyo tunapata kanuni nyepesi ya kukumbukwa: wati 100 kwa kila lita moja ya maji huchemsha katika muda wa saa moja hivi. Soketi yenye wati 3,000 basi ni soketi ya lita 30. Yule mwenzangu wa Uingereza alikuwa akipika lita 23 za bia, ambazo ni painti 40 za kwao, kwa kilowati 3. Maji yake kabla ya kuchemshwa yalikuwa kiasi cha lita 27. Kila lita ilipata wati 110. Niliiona hita yake, nikaisahau hesabu yake.

Volti zinaposhuka

Shangazi naye alikuwa na wati ngapi kwa lita? Kwa maandishi ya hita, 2,000 gawa kwa 90, yaani wati 22. Kwa kweli zilikuwa pungufu ya hapo. Nilipopima kwenye soketi yake wakati wa jioni, mita ilionyesha volti 200. Mwanafunzi atadhani kwamba umeme ukipungua kwa sehemu moja kati ya nane, joto nalo litapungua kwa sehemu moja kati ya nane. Sivyo. Uwezo wa hita huenda kwa kipeo cha pili cha volti, maana volti zikishuka, mkondo nao hushuka. Hita ya kilowati 2 ikipata volti 200 hutoa 2 × (200 ÷ 230) × (200 ÷ 230) = kilowati 1.5 tu. Robo ya moto imetoweka, na hakuna taa ya kuonyesha hivyo.

Kwa kilowati 1.5, lita 90 zingehitaji karibu saa 5 kama pasingekuwa na upotevu wo wote. Na upotevu ulikuwepo, kwa maana sufuria ilikuwa wazi. Maji ya shangazi yalipata wati 17 kwa lita. Hayakuwa na njia ya kuchemka mapema, na kosa halikuwa lake.

Nafasi ya juu na umbo

Baada ya kujua kiasi cha kimiminika, ndipo tuulize ukubwa wa sufuria. Sufuria haijazwi hadi ukingoni. Uji wa nafaka hutoa povu, hupanda ghafla, na mwiko nao huhitaji mahali pa kuzunguka. Kipimo kizuri ni kuacha robo hadi theluthi ya sufuria ikiwa tupu. Anayetaka lita 20 za togwa iliyochujwa na aanze na lita 24 au 25, kwa kuwa machicha hunyonya sehemu na mvuke huchukua sehemu. Lita 25 zikikaa katika theluthi mbili za sufuria, sufuria yenyewe ni ya lita 37 na nusu. Dukani tafuta ya lita 40. Wapikaji wa Marekani, ambao walipata ruhusa ya kisheria ya kupika bia nyumbani kwa sheria ya mwaka 1978, nao huelekea huko huko: kwa lita 19, ambazo ni galoni 5 za kwao, wengi hutumia sufuria ya lita 38.

Usiamini karatasi iliyobandikwa ubavuni. Pima mwenyewe. Sufuria yenye kipenyo cha sentimeta 40 na kimo cha sentimeta 32 ina ujazo wa 3.14 × 20 × 20 × 32, yaani sentimeta za ujazo 40,192, au lita 40. Kila sentimeta moja ya kimo ni lita 1.26. Chonga alama hizo kwenye kijiti kisafi, nawe utakuwa na kipimo cha kuaminika.

Umbo nalo lina kazi yake. Sufuria pana na fupi hufaa juu ya kuni kwa sababu hupokea moto kwa tako lake. Lakini uso wake mpana hupoteza mvuke mwingi. Moto wa hita ya kutumbukiza umo ndani ya maji, hauhitaji tako pana. Chagua sufuria ambayo kimo chake kinakaribia kipenyo chake, yenye kifuniko kinachokaa vizuri, na yenye kina cha kuifunika hita yote kwa maji. Hita ikichungulia juu ya maji, itaungua.

Je, kidogo kina faida gani?

Hapa mwanafunzi makini atauliza swali gumu. Ikiwa harusi yahitaji lita 100, joto la kuchemsha lita 100 kwa mara moja na joto la kuchemsha lita 20 kwa mara tano si ni lile lile? Ni kweli. Sufuria ndogo haipunguzi uniti za LUKU. Kinachopunguza uniti ni kifuniko na blanketi. Faida ya sufuria ndogo iko kwingine. Umeme ukikatika baada ya saa tatu, mwenye sufuria ya lita 100 amepoteza zote, na mwenye sufuria ndogo amepoteza mkupuo mmoja. Lita 20 hukorogeka kwa mkono wa mtu mmoja. Tena hupoa upesi, na jambo hilo ni muhimu, kwa sababu uji unaokaa vuguvugu usiku kucha kabla ya kutiwa kimea hukaribisha vijidudu tusivyovialika.

Kimea kina vimeng'enya vinavyoupasua wanga kuwa sukari. Hufanya kazi vizuri kwenye nyuzi 60 hivi, na huharibika katika uji unaochemka. Ndiyo maana wazee wetu hungoja uji upoe kwanza. Togwa huishia hapo na uchachu wake wa siku moja. Kwa pombe, hamira huachwa iendelee kuigeuza sukari kuwa kileo, na chombo cha kuchachushia nacho kiachiwe nafasi ya povu na mlango wa kutolea hewa. Anayetaka kuuza pombe hana budi kupata leseni ya halmashauri yake.

Tulivyofanya mara ya pili

Tulinunua hita mpya ya kilowati 3 na sufuria ya lita 40, fundi akaitoboa karibu na tako na kuiwekea bomba. Tukakubaliana jambo moja: hita ya kutumbukiza ni ya maji, si ya uji. Maji lita 20 huchemshwa yakiwa yamefunikwa. Pembeni, katika sufuria ya pili, unga wa mtama hukorogwa kwa lita 4 za maji baridi. Hita huchomolewa kwanza, kisha maji ya moto hufunguliwa bombani, yakishuka juu ya unga huku mwiko ukizunguka. Hesabu ya mchanganyiko ni (20 × 96 + 4 × 26) ÷ 24, ambayo ni nyuzi 84. Kipimajoto chetu kilionyesha 80, kwa maana chombo nacho hunywa joto. Wanga wa mtama huiva kati ya nyuzi 68 na 78. Basi uji ungepaswa kuiva bila moto.

Mkupuo wa kwanza haukuiva. Shangazi aliuonja akasema una ladha ya ubichi, na alikuwa na haki: tuliuacha wazi, ukapoa kabla ya wakati. Mkupuo wa pili aliufunika, akauzungushia gunia mbili na blanketi kuukuu, kama anavyofanya siku zote kwa chungu cha maharage. Baada ya saa moja uji ulikuwa umeiva. Wakati huo hita ilikuwa tayari inachemsha maji ya mkupuo wa tatu. Mikupuo minne ilitupa lita 96, na kazi ya hita ilimalizika kwa muda unaopungua saa tatu na nusu. Gunia halikuwemo katika mahesabu yangu. Lilitoka kwa shangazi.

Tahadhari

Maji na umeme si marafiki. Usitie mkono wala mwiko sufuriani hita ikiwa imewashwa. Izime na kuichomoa kwanza. Hakikisha waya wa ethi umeunganishwa, na kama uwezo upo, fundi aweke swichi inayokata umeme unaovuja. Usitumie waya mwembamba wa kuunganishia redio kwa hita ya kilowati 3. Anayehitaji zaidi ya lita 30 asiunganishe hita mbili kwenye soketi moja, bali afungiwe na fundi mwenye leseni njia ya umeme ya pekee, kama ile ya jiko. Njia ya ampia 30 hutoa wati 6,900, yaani lita 69 kwa kanuni yetu. Watoto wakae mbali.

Sikusema kwamba kuni zimekwisha kazi. Kwa sherehe inayotaka mapipa mawili, shangazi bado huwasha mafiga, na hesabu zetu zinamuunga mkono. Lakini kwa lita 100 hutumia umeme. Ile sufuria ya kwanza ya lita 100 haikutupwa. Iko pembeni mwa jiko, imejaa mahindi, nayo hunisalimu kila ninapokwenda likizo.

Maswali kwa wanafunzi

1. Pima volti za soketi ya shule asubuhi na jioni. Hita ya wati 1,500 hutoa wati ngapi katika kila kipimo?
2. Chemsha lita 2 za maji kwa kifuniko, kisha bila kifuniko. Linganisha muda, ukadirie joto lililopotea.
3. Tafuta mwinuko wa kijiji chenu juu ya usawa wa bahari, ukadirie maji huchemka kwa nyuzi ngapi. Hakiki kwa kipimajoto.
4. Jirani yako ana soketi moja na anataka kupika lita 15 za togwa. Mshauri ukubwa wa sufuria, ukimwonyesha hesabu zako. Usimjibu kwa simu kabla hujashika kalamu.